Kupima Mazao ya Utafiti Katika Chuo Kikuu

Mkulima amalizapo mavuno huhesabu magunia yake, na mwenye duka hufunga hesabu zake kila mwisho wa mwezi. Kazi ya chuo kikuu haipimiki kwa wepesi huo. Ufundishaji waweza kukadiriwa kwa idadi ya wahitimu. Lakini utafiti huzaa maarifa, na maarifa hayana pishi wala mizani. Hata hivyo utafiti hutumia fedha za umma, na wananchi wana haki ya kuuliza kama kinachopatikana kinalingana na kinachotumika. Wakuu wa vyuo nao hawana budi kuamua ni mhadhiri yupi apandishwe cheo, ni idara ipi iongezewe vifaa, na ni ipi ipunguziwe. Uamuzi wa namna hiyo ukifanywa kwa kipimo kibovu, kazi njema yaweza kufa na kazi hafifu ikanawiri.

Njia iliyoenea duniani ya kujibu swali hilo ni kuhesabu makala yanayotolewa na wataalamu wa chuo, na kuhesabu mara ambazo makala hayo yametajwa na wataalamu wengine. Makala haya yanaeleza jinsi hesabu hiyo inavyofanywa, inaonyesha nini, na inaficha nini.

MAKALA NA MAREJEO

Mtaalamu akamilishapo uchunguzi huandika matokeo yake na kuyapeleka kwa mhariri wa jarida la kitaalamu. Mhariri huwapa wataalamu wengine wa fani hiyo hiyo wayasome na kuyakosoa. Yakikubaliwa, huchapishwa. Mwishoni mwa kila makala huwekwa orodha ya maandishi ambayo mwandishi ameyategemea: mbinu aliyoiazima, takwimu alizozitumia, au hoja anayoipinga. Kila andishi katika orodha hiyo huitwa rejeo. Kurejelea kazi ya mwingine ni kama kukiri deni mbele ya watu.

Hapo ndipo zinapopatikana hesabu mbili. Ya kwanza ni idadi ya makala, nayo huonyesha wingi wa kazi. Ya pili ni idadi ya marejeo ambayo makala hayo yamepata, nayo huchukuliwa kuwa dalili ya athari ya kazi hiyo kwa wataalamu wengine. Neno “dalili” lastahili kukaziwa. Homa ni dalili ya ugonjwa, lakini daktari mwangalifu hatoi dawa kwa kutazama kipimajoto peke yake.

CHANZO CHA HESABU HII

Wazo la kufuatilia marejeo halikutoka kwa wanasayansi, bali kwa wanasheria. Mwaka 1873 Frank Shepard, wa jimbo la Illinois nchini Marekani, alianza kuchapisha orodha zilizoonyesha ni kesi zipi za baadaye zilizotaja hukumu fulani. Kwa orodha hizo wakili aliweza kujua kama hukumu ya zamani ingali na nguvu au imekwisha kutenguliwa.

Mwaka 1927 Gross na Gross walihesabu marejeo yaliyomo katika juzuu la mwaka 1926 la jarida la chama cha wanakemia wa Marekani. Shida yao ilikuwa ya kawaida kabisa: maktaba ya chuo kidogo haina fedha za kununua kila jarida, basi ichague yapi? Walitoa shauri kwamba majarida yanayotajwa mara nyingi ndiyo yanunuliwe kwanza.

Hatua kubwa ilipigwa na Eugene Garfield, Mmarekani aliyesomea kemia. Mwaka 1955 alitoa katika jarida la Science pendekezo la kutengeneza faharasa ya marejeo kwa sayansi yote, na mwaka 1960 alianzisha taasisi yake mjini Philadelphia. Mwaka 1964 faharasa hiyo ilianza kutolewa kwa utaratibu, ikitayarishwa kwa msaada wa kompyuta. Muda si mrefu mwanahistoria wa sayansi Derek de Solla Price aliitumia kuonyesha jinsi makala za kisayansi zinavyofungamana kama nyuzi za wavu.

Inafaa kukumbuka kwamba nia ya kwanza ya Garfield ilikuwa kumsaidia msomaji kutafuta maandishi, na nia ya akina Gross ilikuwa kumsaidia mkutubi. Kuwapanga watu na vyuo kwa madaraja ni matumizi yaliyokuja baadaye, na kifaa hakikuundwa kwa kazi hiyo. Leo hazina kubwa za kumbukumbu zinazotumiwa ni Web of Science, iliyotokana na faharasa ya Garfield, pamoja na Scopus na Google Scholar, ambazo zote mbili zilianza mwaka 2004.

JINSI HESABU INAVYOFANYWA

Kazi ya kwanza ni kutambua ni makala yapi ni ya chuo kinachopimwa. Jambo hili huonekana jepesi, lakini sivyo. Kompyuta husoma anwani ya mwandishi kama ilivyoandikwa. Jina la chuo likiandikwa kwa Kiswahili katika makala moja, kwa Kiingereza katika jingine, na kwa kifupisho katika la tatu, kompyuta yaweza kudhani kuwa ni vyuo vitatu. Historia ya vyuo nayo huleta utata. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961 kikiwa chini ya Chuo Kikuu cha London, kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki mwaka 1963, na kikajitegemea mwaka 1970. Kitivo chake cha kilimo kilichokuwa Morogoro kiligeuzwa kuwa Chuo Kikuu cha Sokoine mwaka 1984, na tawi lake la tiba la Muhimbili likawa chuo kikuu kamili mwaka 2007. Basi, makala ya kilimo iliyoandikwa Morogoro mwaka 1980 ihesabiwe kwa chuo kipi? Jibu lolote laweza kutetewa, ila ni lazima lisemwe wazi kabla ya kuhesabu.

Kazi ya pili ni kugawanya sifa. Makala nyingi za leo zina waandishi wengi kutoka vyuo vingi. Mwaka 2015 wanafizikia wa maabara ya CERN, karibu na mji wa Geneva, walichapisha makala moja kuhusu uzito wa chembe iitwayo Higgs. Waandishi wake walikuwa 5,154. Kila chuo kikijihesabia makala hiyo nzima, kazi moja itakuwa imehesabiwa mamia ya mara. Kwa sababu hiyo wapimaji wengine hutumia mafungu: makala yenye waandishi wanne, mmoja wao akiwa wa chuo kinachopimwa, hukipa chuo hicho robo tu. Njia ya kwanza huonyesha ni kazi ngapi chuo kimeshiriki. Ya pili huonyesha mchango wake ni wa kiasi gani.

Kazi ya tatu ni kuweka mpaka wa wakati. Makala ya miaka 20 iliyopita imekuwa na muda mrefu wa kukusanya marejeo kuliko ya mwaka jana. Hivyo huwekwa muda maalumu, kwa mfano miaka mitano tangu kuchapishwa, na kila makala hupimwa ndani ya muda huo. Aghalabu marejeo ambayo mwandishi amejirejelea mwenyewe huondolewa.

Kazi ya nne, nayo ndiyo muhimu kupita zote, ni kulinganisha kila fani na fani yake. Wataalamu wa tiba ni wengi, huandika mara nyingi, na orodha zao za marejeo ni ndefu. Wanahisabati ni wachache, hukaa na tatizo moja kwa muda mrefu, na hurejelea maandishi machache. Kuwapima wote kwa idadi moja ni sawa na kumlaumu mkulima wa karafuu kwa kutovuna magunia mengi kama mkulima wa mahindi.

Uchukuliwe mfano wa kubuni. Katika chuo kimoja idara ya tiba imetoa makala 50 zilizopata marejeo 600, yaani wastani wa marejeo 12 kwa kila makala. Idara ya hisabati imetoa makala 20 zilizopata marejeo 80, yaani wastani wa 4. Mkuu wa chuo akitazama tarakimu hizo tu, atasema idara ya hisabati inalala, na huenda akaipunguzia fedha. Sasa ichukuliwe kwamba wastani wa dunia kwa makala ya tiba ya miaka hiyo ni marejeo 15, na kwa hisabati ni 2.5. Ukigawanya 12 kwa 15 unapata 0.8, ukigawanya 4 kwa 2.5 unapata 1.6. Namba 1 ndiyo wastani wa dunia. Kumbe idara ya tiba iko chini kidogo ya wastani, na ile ya hisabati, iliyokuwa karibu kunyimwa fedha, imeupita kwa mbali.

KIWANGO CHA JARIDA NA NAMBA YA HIRSCH

Vipo vipimo viwili ambavyo hutajwa kila mara. Cha kwanza ni kiwango cha athari cha jarida, ambacho taasisi ya Garfield ilianza kukitangaza kwa majarida mengi katikati ya miaka ya 1970. Hupatikana hivi: huhesabiwa marejeo yaliyotolewa mwaka huu kwa makala ambazo jarida lilichapisha katika miaka miwili iliyotangulia, kisha jumla hiyo hugawanywa kwa idadi ya makala hizo. Kipimo hiki husema jambo fulani kuhusu jarida, lakini hakisemi lolote la hakika kuhusu makala moja iliyomo ndani yake. Katika jarida lolote makala chache hupata marejeo mengi sana na zilizobaki hupata machache. Kumsifu mwandishi kwa wastani wa jarida ni kama kumwita mtu tajiri kwa kuwa anaishi mtaa mmoja na tajiri.

Cha pili ni namba ya Hirsch, iliyopendekezwa mwaka 2005 na mwanafizikia Jorge Hirsch wa Chuo Kikuu cha California mjini San Diego. Makala za mtu hupangwa kuanzia yenye marejeo mengi hadi yenye machache. Ikiwa makala zake sita zimepata marejeo 30, 12, 7, 5, 3 na 1, namba yake ni 4, kwa sababu anazo makala nne ambazo kila moja imepata marejeo yasiyopungua manne, wala hana tano zenye matano. Urahisi wake umeifanya ipendwe. Lakini namba hii haiwezi kushuka kamwe, humpendelea mzee dhidi ya kijana, na haijali tofauti za fani.

YALIYOFICHIKA NYUMA YA TARAKIMU

Kwanza, kazi kubwa yaweza kuchelewa kutambuliwa. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa hospitali ya Mulago na mwalimu wa Makerere, Kampala, alichapisha katika jarida la upasuaji la Uingereza maelezo ya uvimbe wa taya alioukuta kwa watoto wa Kiafrika. Mwanzoni makala hiyo haikuvuta macho ya wengi. Mwaka 1961 alitoa mhadhara mjini London, na miongoni mwa waliomsikia alikuwamo Anthony Epstein. Kutokana na vipande vya uvimbe vilivyotumwa kutoka Uganda, Epstein na wenzake walitangaza mwaka 1964 virusi ambavyo vilikuja kuwa vya kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Kama Makerere ingalipimwa mwaka 1960 kwa marejeo ya miaka miwili, kazi ya Burkitt ingaliitwa ndogo. Leo ugonjwa wenyewe waitwa kwa jina lake, na wengi hulitaja jina hilo bila hata kuirejelea makala yake.

Pili, kinachorejelewa sana si lazima kiwe ugunduzi mkuu. Makala iliyotambuliwa mwaka 2014 kuwa imerejelewa kuliko zote, zaidi ya mara 300,000, ni ile ya Oliver Lowry na wenzake ya mwaka 1951, inayoeleza njia ya kupima kiasi cha protini katika kimiminika. Ni mbinu yenye manufaa, na kila aliyeitumia aliitaja. Lakini makala ya James Watson na Francis Crick ya mwaka 1953 juu ya umbo la DNA, iliyobadili elimu nzima ya viumbe, haikuwamo hata katika makala 100 za kwanza za orodha hiyo.

Tatu, rejeo si sifa. Mwaka 1998 jarida la Lancet lilichapisha makala ya Andrew Wakefield na wenzake iliyohusisha chanjo ya surua, matubwitubwi na rubela na maradhi ya usonji. Makala hiyo ilifutwa mwaka 2010 baada ya kuthibitika kuwa si ya kweli. Imerejelewa mara nyingi mno, na sehemu kubwa ya marejeo hayo ni ya watu walioipinga. Mashine huyahesabu yote sawasawa.

Nne, heshima ya jarida haitabiri maisha ya makala. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, Lushoto, aliona kwamba maziwa ya moto aliyotia katika jokofu yaliganda kabla ya yale yaliyopozwa. Baadaye alimuuliza Denis Osborne, profesa wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambaye alilijaribu jambo hilo katika maabara badala ya kulicheka. Mwaka 1969 wawili hao walitoa makala katika Physics Education, jarida la walimu wa fizikia. Tangu hapo wataalamu wa nchi nyingi wamebishana nayo. Mwaka 2016 wataalamu wawili wa Uingereza walitilia shaka kuwapo kwa tukio hilo katika maji, na mwaka 2020 wengine wawili wa Kanada walionyesha tukio la namna hiyo katika chembe ndogo ndani ya kimiminika. Swali la mwanafunzi lililochapishwa katika jarida la walimu limedumu kuliko makala nyingi za majarida makubwa.

Tano, hazina za kumbukumbu hazioni dunia yote kwa jicho moja. Zilianzishwa Marekani na Ulaya, na majarida yaliyomo ndani yake kwa sehemu kubwa ni ya Kiingereza. Jarida dogo la Afrika, hata likiwa na uhariri makini, mara nyingi halimo. Vitabu pia hupungukiwa. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981, kazi iliyofanywa kwa miaka mingi na kutumiwa na walimu, wanafunzi, waandishi wa habari na mahakimu. Mwanafunzi afunguapo kamusi haandiki rejeo, na hazina ya kumbukumbu haina habari naye. Vivyo hivyo mkulima aliyepata mbegu bora, au mzazi ambaye mtoto wake hakuugua malaria, hatoi rejeo kwa mtu. Juhudi za kuziba pengo hili zipo: tangu mwaka 1998 African Journals Online imekuwa ikiyaweka majarida ya Afrika mahali ambapo wasomaji wa nchi zote huweza kuyaona.

KIPIMO KINAPOGEUKA KUWA SHABAHA

Hatari nyingine hutokea pale watu wanapojua kuwa watalipwa kwa kipimo fulani. Nchini Australia sehemu ya fedha za vyuo ilipotolewa kwa kuhesabu makala, katika miaka ya 1990, idadi ya makala ilipanda, lakini mtaalamu Linda Butler alionyesha mwaka 2003 kwamba ongezeko kubwa lilikuwa katika majarida yenye athari ndogo. Wataalamu walikuwa wametoa walichoombwa: makala.

Mahali pengine uchunguzi mmoja hukatwa vipande ili uzae makala tatu au nne. Marafiki hurejeleana kwa zamu. Yamezuka pia majarida ya kilaghai, ambayo hupokea ada na kuchapisha lolote bila kulisoma, na wahadhiri vijana wanaoharakia kupanda cheo hunaswa humo. Mwaka 2020 serikali ya China, ambako vyuo vingi vilikuwa vikiwapa wataalamu zawadi ya fedha kwa kila makala iliyoingia katika faharasa, iliagiza zawadi hizo zikome na makala zisiwe kigezo kikuu cha kupandisha watu vyeo.

MATUMIZI YA BUSARA

Kasoro hizo si sababu ya kutupa hesabu yote. Bila tarakimu, mwenye sauti kubwa au jamaa wakubwa ndiye angepata fedha. Kinachotakiwa ni kujua kipimo kinafaa wapi. Tamko lililoandaliwa San Francisco mwaka 2012 lilisihi kwamba kiwango cha jarida kisitumiwe kumhukumu mtaalamu mmoja mmoja. Ilani ya Leiden ya mwaka 2015, yenye kanuni 10, ilisisitiza kwamba tarakimu zisaidie maoni ya wataalamu wala zisichukue nafasi yake. Kwamba kila fani ipimwe kwa desturi zake. Kwamba utafiti mzuri unaohusu mahali fulani na kuandikwa kwa lugha ya mahali hapo ulindwe. Na kwamba wanaopimwa wapewe nafasi ya kukagua takwimu zao. Uingereza, katika upimaji wake wa vyuo wa mwaka 2014, ilitenga asilimia 20 ya alama kwa manufaa ya utafiti nje ya chuo, na mwaka 2021 ikaongeza kufikia asilimia 25.

Kwa chuo chochote kinachotaka kujipima, hatua nne ni za lazima. Anwani moja ya chuo ikubaliwe na itumiwe na wataalamu wote. Orodha kamili ya kazi itunzwe na chuo chenyewe, pamoja na vitabu, kamusi, ripoti na makala za majarida ya nyumbani, badala ya kungojea hazina za ng’ambo. Kila idara ilinganishwe na idara za fani yake. Na anapofikiriwa mtu kupandishwa cheo, kazi zake chache zilizo bora zisomwe kutoka mwanzo hadi mwisho na watu wanaozielewa.

Hatua ya mwisho ndiyo nzito, kwa sababu inadai muda wa wasomi wenye kazi nyingi, na tarakimu hupatikana kwa dakika chache. Lakini kuhesabu makala ya Burkitt mwaka 1960 kusingemsaidia mtu yeyote kuitambua. Aliyeisoma, akaenda kuwatazama wagonjwa, ndiye angeona kwamba palikuwa na jambo.